Ndege ya pangaboi kisogoni

Kwangu mimi wiki hii si shwari sana. Shemeji yenu kaninunia, na sababu ni ndege. Si nyumba ndogo, si pombe, wala si simu iliyoita usiku wa manane. Ni ndege, bwana! Tena ndege yenyewe ilianguka huko Rufiji mwaka 1915, kabla hata babu yangu hajazaliwa.

Ilikuwa hivi. Jumatatu jioni kafungua begi langu kutafuta hela ya mboga, akakutana na mita mbili za bafta. Nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri. Sasa si unajua sisi watu wa uswahilini, bafta tunaijua kwa kazi moja tu. Akakaa kitandani taratibu, akaniuliza kwa sauti ya msibani, "Nani kafa?"

Nikamwambia hajafa mtu, nataka kuivalisha ndege.

Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akaenda zake jikoni, na tangu siku hiyo chai naandaliwa lakini maneno hakuna.

Chanzo cha yote ni mtoto wa dada yangu, dogo yuko kidato cha tatu. Shuleni kwao kulikuwa kunakuja siku ya taaluma, na mwalimu wa historia kamwambia kila mmoja aje na kitu cha kuonyesha kuhusu Vita Kuu ya Kwanza hapa kwetu. Wenzake wakachagua ramani na michoro ya bunduki. Yeye akaja kwangu mbio, "Mjomba, si unasema ulikuwa bingwa wa magari ya waya Temeke nzima? Nitengenezee ndege ya vita vya Rufiji."

Msomaji wangu, ukitaka kumpata mwanaume kirahisi mkumbushe ubingwa wake wa utotoni. Nikakubali hapo hapo, wala sikuuliza bei ya gundi.

Kwa wale mliokuwa mnasinzia kipindi cha historia, kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na meli ya kivita ikiitwa Königsberg. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliingia Zanzibar asubuhi, ikaishambulia meli ya Waingereza iliyoitwa Pegasus na kuizamisha. Baada ya hapo mitambo ikawa na ubovu, makaa ya mawe nayo ya shida, ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, ndani kabisa katikati ya mikoko.

Waingereza wakaizingira, lakini wafanye nini? Meli zao kubwa haziwezi kupita mle kwa sababu maji ni mafupi. Ikabidi walete meli mbili za tumbo bapa, Severn na Mersey, ambazo awali zilitengenezwa kwa ajili ya mito ya Brazili. Hizo zikaweza kuingia mtoni. Ila hata zikiwa mle ndani, wapigaji mizinga hawamwoni wanayempiga, maana mbele yao ni mikoko mitupu. Lazima awepo mtu juu angani awaambie: mmezidisha, mmepunguza, sogezeni kushoto. Kazi hiyo ndiyo iliyofanywa na ndege zilizokuwa zinarukia kisiwani Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekwishakiteka Januari 1915.

Tarehe 6 Julai 1915 walijaribu mara ya kwanza. Walifyatua mizinga zaidi ya 600, na meli bado ikabaki inaelea. Tarehe 11 Julai wakarudi tena. Juu alikuwa rubani John Cull na msaidizi wake Harwood Arnold, ndani ya ndege aina ya Henri Farman. Arnold alikuwa na mtambo wa kutuma ishara za redio, zile za ti-ti-taa, akiwaelekeza wenzake huko chini. Mizinga ikaanza kuipata meli barabara. Lakini Königsberg nayo haikuwa inatazama tu; ikaitungua ile ndege, injini ikafa. Na wakati ndege inashuka bila injini, Arnold akaendelea kutuma maelekezo mpaka karibu na maji! Wakaangukia mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka, Cull akanaswa kwanza chini ya maji kabla ya kujinasua. Wote wawili wakaokolewa. Königsberg ndiyo ikawa mwisho wake siku hiyo; nahodha wake, Max Looff, akaamuru ilipuliwe.

Basi nikaingia kazini. Nikachukua waya, mianzi na mabati ya makopo ya maziwa, na kwa siku mbili nikawa nimemaliza. Ndege imesimama, mabawa mawili moja juu ya jingine kama zilivyokuwa za zamani, puani nimeiwekea feni ya bati inayozunguka ukiipuliza. Nikaipaka rangi ya kijani na madoa ya udongo, kama zile za kwenye filamu. Nikasema moyoni, mzee mzima bado nimo.

Dogo akaja jioni, akaizunguka mara moja, akatoa simu mfukoni. Alikuwa kaperuzi kwenye intaneti akapata picha ya Henri Farman.

"Mjomba, feni iko nyuma."

Nikamwambia acha utani. Akanipa simu. Nikatazama. Marubani wamekaa mbele kwenye kitu kama mtumbwi mfupi, nyuma ya migongo yao injini, na nyuma ya injini ndiyo feni. Mkia uko mbali kule, umeshikwa na vijiti vilivyofungwa kwa waya, na feni inazungukia katikati ya vijiti hivyo. Inaisukuma ndege kwa nyuma badala ya kuivuta kwa mbele.

Nikanyamaza kimya. Dogo akadhani nimekasirika kwa sababu ya kukosolewa. Kumbe mwenzie nilikuwa nimekumbuka jambo jingine kabisa, la miaka zaidi ya 20 iliyopita, na mwili ukaniisha nguvu.

Msomaji wangu, hapa naomba nikuvulie kofia nikueleze aibu yangu.

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa delta, wa huko Salale. Nilipokuwa darasa la sita alikuja Dar kula Iddi na sisi. Usiku umeme ukakatika, tukakaa ukumbini na kibatari, watoto kwa wakubwa, majirani nao wamo. Bibi akaanza kusimulia alivyosimuliwa na baba yake. Eti baba yake alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi, wakati wa vita vya Mjerumani, aliona ndege inazunguka juu ya mikoko tangu asubuhi, inanguruma. Akasema, "Pangaboi lake lilikuwa kisogoni. Linaisukuma kwa nyuma kama mtu anavyosukuma mkokoteni. Na miguu yake ya magurudumu, kama ya baiskeli. Halafu siku moja ikakoroma, ikanyamaza, ikashuka kimya kimya ikafia majini."

Mimi wakati huo ndiye niliyekuwa msomi wa ukoo. Nilikuwa nimepelekwa uwanja wa ndege mara mbili, nimeziona zile ndege ndogo za kwenda Zanzibar na Mafia, zote feni puani. Nikadakia kwa sauti, kila mtu asikie:

"Bibi, pangaboi nyuma? Magurudumu halafu inatua majini? Hiyo ilikuwa ndege au ungo?"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mjomba wangu alicheka mpaka akamwaga soda. Na wewe unajua, msomaji wangu, kwetu anayesafiri kwa ungo ni nani. Mbele ya majirani, sikukuu ya Iddi, mjukuu anamwambia bibi yake maneno ya ungo.

Bibi hakukasirika. Alitabasamu kidogo, akasema, "Haya, nyie ndio mliosoma." Akajifunika khanga, akaenda kulala. Tangu siku hiyo sijamsikia tena akisimulia habari ya ile ndege. Tulipokwenda kwake likizo nilimwomba hadithi nyingi, akanipa za sungura, za fisi, za majini wa mtoni. Ile hapana.

Na kumbe kila alichosema kilikuwa sahihi! Zilikuwapo ndege nyingine zilizoletwa kuitafuta ile meli. Ya kwanza kabisa, Novemba 1914, ilikuwa ya kuelea majini, ikirushwa na rubani aliyeitwa Cutler, na hiyo haikuhitaji magurudumu. Baadaye zikaja nyingine za kuelea, na feni zao mbele. Joto la pwani likazitesa mpaka gundi ikaachia. Zikaja pia Caudron, nazo feni mbele. Ukitafuta ndege yenye feni nyuma, yenye magurudumu, halafu ikafia majini, unabaki na moja tu: Henri Farman ya tarehe 11 Julai 1915. Bibi alikuwa ameitunza kichwani kwa neno la baba yake bila kupunguza hata tairi.

Usiku ule ule nikaivunja ndege yangu ya kijani. Dogo akalia, "Mjomba, mwalimu hatajua tofauti!" Nikamwambia mwalimu hatajua, lakini yupo mtu atajua.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kutengeneza ndege na kutengeneza ndege sahihi ni kazi mbili tofauti. Gari la waya ukikosea unasema ni toleo jipya. Hii lazima uanze na kipimo. Tukachagua moja kwa ishirini na nne, yaani kila sentimita 24 za ndege ya kweli ziwe sentimita moja kwetu. Mtu wa mita 1.70 anakuwa na sentimita 7 hivi. Ukishakubali kipimo hicho umekwisha, hakuna tena "nakadiria". Tairi, kijiti, kiti, upana wa bawa, vyote vinapita kwenye kikokotoo.

Tena mitego ni mingi. Dogo alileta mchoro safi kabisa wa Farman, tukaupeleka steshenari ukakuzwa, nikakata mianzi jioni nzima. Kesho yake naulinganisha na picha, naona mbele ya marubani pametokeza kitu kama bawa dogo ambalo kwenye picha halipo. Kumbe ule mchoro ulikuwa wa Maurice Farman! Walikuwa ndugu wawili, Henri na Maurice, kila mmoja na ndege zake. Mianzi yote ikawa kuni.

Rangi nayo. Yale madoa ya kwenye filamu ilibidi tuyasahau. Mwaka 1915 ndege nyingi zilikuwa bado na rangi ya kitambaa chenyewe, maana mabawa yalivalishwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Sasa kitambaa gani chepesi, kinakazika, hakina nyuzi nene zitakazoonekana kama kamba kwenye kipimo kidogo? Nilizunguka Kariakoo, nikajaribu vitambaa vitano. Jibu likawa bafta. Kwa kuwa ni nyeupe mno, nikailoweka kwenye chai ya rangi nyepesi, nikaikausha, ikatoa rangi ile ile ya kitani mbichi. Ndiyo siri ya mita mbili zilizonikosanisha na shemeji yenu, na ndiyo sababu ya majani ya chai kuisha kabla ya wiki.

Mabawa tulitengeneza kwa vijiti vya mishikaki vilivyochongwa kwa wembe. Zile waya za kukaza mabawa tulitumia uzi wa kushonea uliopakwa nta ya mshumaa. Uzi mmoja ukilegea, bawa zima linapinda, unafungua unaanza upya. Nilifungua mara nne. Chini ya ndege tukaning'iniza waya mwembamba kuliko wote, ule wa kurushia ishara za Arnold. Feni nikaichonga kwa mti wa kijiti cha lambalamba, nikaiweka pahala pake. Kisogoni.

Ilichukua wiki saba. Mabawa yalipokamilika yalikuwa na zaidi ya nusu mita. Siku ya taaluma ilikuwa imebaki wiki moja, lakini mimi nikamwambia dogo kuna sehemu ndege hii inapita kwanza.

Tukaitia kwenye boksi la televisheni, tukapanda basi pale Mbagala Rangi Tatu. Konda alipoona boksi akataka nauli ya mzigo. Nikafungua kidogo aone ndani ni vijiti na kitambaa. Akachungulia, akasema, "Braza, hii ukiwekewa begi la mchele juu imekwisha. Kaa nayo mapajani, nauli sitaki." Nikaipakata mpaka Kibiti kama mtoto mchanga, miguu ikafa ganzi.

Bibi sasa anaishi Kibiti kwa mama yangu mdogo. Miaka imekwenda, presha ya macho imemmaliza, haoni tena. Tulimkuta barazani kwenye mkeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Leo umekumbuka kwako?"

Nilikuwa nimejipangia hotuba ndefu. Yote ikapotea. Nikakaa chini, nikaiweka ndege mapajani kwake, nikamwambia tu, "Bibi, shika."

Akaanza na mabawa, vidole vinatembea taratibu kwenye uzi kama mtu anayehesabu tasbihi. Akashuka chini, akapata magurudumu, akayazungusha kidogo. Akapanda kwenye ule mtumbwi wa marubani, akaingiza kidole kwenye kiti. Kisha akarudi nyuma. Nikashika pumzi. Dogo naye kimya. Kidole kikagusa feni, ikazunguka.

Bibi akasimama hapo. Akaizungusha tena. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha mabega.

"Mume wangu," akasema, "ungo huu unaruka?"

Msomaji wangu, zaidi ya miaka 20! Lile neno alikuwa nalo, kalihifadhi pamoja na magurudumu na pangaboi, kila kimoja pahala pake. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi, mimi ndiye nilikuwa mjinga." Sikuweza kumaliza vizuri, sauti ilinikatika. Mama mdogo akatoka ndani kuuliza kuna nini, dogo akamwambia hakuna kitu, mjomba kaingiwa na vumbi.

Bibi akanipapasa kichwa. "Ulikuwa mtoto," akasema. "Iliyoniuma si wewe. Iliniuma kwamba waliocheka na wewe walikuwa watu wazima, na baba yangu hakuwepo ajisemee."

Jioni ile akasimulia tena, mwanzo mpaka mwisho. Akaongeza na mengine: jinsi yeye mwenyewe alipokuwa msichana alivyoyaona mabaki ya meli yamekaa mtoni yana kutu, na watu wakipita na mitumbwi pembeni. Dogo akarekodi yote kwenye simu. Alipomaliza akaipapasa ndege mara ya mwisho, akauliza, "Na baba yangu mmemweka wapi?"

Tukatazamana. Kwenye hesabu zetu zote, vipimo, picha, michoro, tulikuwa na Cull na Arnold, tulikuwa na waya wa redio. Mtoto aliyekuwa amesimama chini anatazama juu hakuwemo.

Tuliporudi Dar nikapiga hesabu. Mtoto wa miaka kumi, tuseme mita 1.30, kwa moja kwa ishirini na nne ni sentimita 5 na nusu hivi. Nikamchonga kwa mti wa mwembe, shuka kiunoni, kichwa ameinua. Siku ya taaluma ndege ilining'inizwa darini kwa uzi, na yeye akawekwa mezani chini yake. Dogo ananiambia mwalimu aliisifu ndege, kisha akauliza, "Na huyu mdogo ni nani?" Dogo akawasha simu, darasa zima likasikiliza sauti ya Bibi kwa dakika 11. Hakuna aliyecheka, ila pale kwenye pangaboi la kisogoni, maana Bibi mwenyewe alikuwa anacheka.

Shemeji yenu? Jana nilimsikilizisha ile rekodi. Hajasema kitu, lakini asubuhi chai ilikuja na chapati mbili. Bafta iliyobaki kaikunja, kaiweka kabatini, kasema ndege nyingine nikitaka nimtume yeye sokoni, maana mimi nauziwa bei ya mfiwa.

Na wewe msomaji wangu, kama kuna mzee nyumbani uliyewahi kumcheka kwa sababu kitabu chako kilikuwa hakijafika ukurasa wake, nauli ya basi si kubwa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.